Pendekezo la Nne

Jirani zetu wamerusha kombora tena. La saba mwaka huu, limepita juu ya vichwa vyetu asubuhi likaangukia baharini. Ofisini hakuna hata aliyeacha chai yake ipoe.

Mimi ni mhazili wa wizara, na kujibu makombora ndiyo kazi yangu. Msidhani ni kazi ya ajabu. Mkurugenzi anasema, "Dada, toa ile ya mwezi jana," nami natoa, nabadilisha tarehe, basi. Ukurasa mmoja, mapendekezo manne kwa waziri. Kwanza, kulaani vikali. Pili, kumwita balozi wao. Tatu, kuwashtaki kwenye Umoja wa Mataifa. Waziri huchagua la kwanza, tunalaani vikali, wao wanacheka, maisha yanaendelea.

La nne ni kufuta siku ya familia.

Siku hiyo huja mara moja kwa mwaka. Watu mia mbili waliopatikana kwa kura huenda kwenye ukumbi wa mpakani, wakaketi saa mbili na ndugu zao wa upande wa pili. Hilo la kuifuta nililitunga mimi, tena kwa kujazia tu, maana mkurugenzi alisema mapendekezo matatu yanaonekana ya kivivu. Miaka sita limekaa pale, hakuna aliyelitazama.

Mwaka huu kura imeniangukia mimi.

Mama yangu yuko kule. Mpaka ulifungwa nikiwa chuo huku, tukadhani ni wiki mbili. Sasa ni miaka ishirini na mitatu. Jamani, nina hamu na mama yangu! Nina hamu hata ya kugombezwa. Nimemnunulia sweta, kisha nikakumbuka sijui siku hizi ana mwili gani, nikanunua na jingine kubwa zaidi.

Saa nne mkurugenzi akarudi kutoka kwa waziri.

"Leo mzee kachachamaa. Kulaani kumemchosha. Kachagua la nne. Andika tangazo litoke kabla ya saa sita."

"Bosi, hilo lilikuwa la kujazia!"

"La kujazia? Mbona umeliandika vizuri hivyo?"

"Kesho ni zamu yangu. Naenda kumwona mama."

Si mtu mbaya. Akapanda tena ghorofani, akakaa huko nusu saa, akashuka akikwepa macho yangu.

"Amesema akiruhusu mmoja, wote watataka. Pole sana, dada."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimewahi kuwacheka wengi kwa methali hiyo, shenzi mimi. Nikaketi, nikaandika, na sikukosea hata herufi moja.

Tangazo letu halisomwi kule kwao. Kutoka kijijini hadi mpakani ni siku tatu, kwa hiyo mama ameshaondoka nyumbani tangu juzi, na miguu yake ile inayomuuma tangu zamani. Kesho atafika ukumbini, atataja jina langu kwa mlinzi, na mlinzi atamwambia kwamba mwanawe hakuja.