Kura ya Spika kutoka Brodska

Siku Orest Bodnarchuk alipochaguliwa kuwa Spika, Waziri Kiongozi wa jimbo alimkamata kwapa la kulia, kiongozi wa upinzani akamkamata la kushoto, wakamburuta hadi kwenye kiti. Ndiyo desturi ya mabunge ya majimbo ya Kanada: Spika mpya hujifanya hataki, kwa sababu huko Uingereza zamani maspika walikuwa wakikatwa vichwa. Orest alijikaza na kujitupa nyuma kama fahali anayepelekwa mnadani. Ukumbi mzima ulicheka, na yeye akacheka kuwashinda wote. Kabla ya siasa alikuwa dalali wa mifugo; kuchekesha watu ilikuwa nusu ya kazi yake.

Kichwa hawakumkata. Walimkata ulimi, na hilo alikuja kuligundua taratibu.

Spika hachangii hoja. Spika hahudhurii vikao vya chama chake. Spika hapigi kura. Anavaa joho jeusi na kofia ya pembe tatu, anaita wabunge kwa majina ya maeneo yao maana mle ndani hakuna mtu anayeitwa kwa jina lake, na anawanyamazisha wanaozomeana. Watu wa Brodska, kwao mashambani, waliomtuma mjini akawasemee walijikuta wamemtuma bubu aliyevaa vizuri.

Kulikuwa na dirisha moja tu. Chama cha serikali kilikuwa kimeshinda uchaguzi kwa kiti kimoja. Walipomtoa Orest kwenye safu yao na kumpandisha juu, pande mbili zikabaki sawasawa, ishirini na watano huku, ishirini na watano kule. Kura zikifungana, Spika anaamua. Kwa hiyo yule bubu, mara moja moja, alikuwa na neno kubwa kuliko wote.

Ndipo serikali ikatangaza kwamba hospitali ya Brodska itafungwa barafu ikiyeyuka. Hospitali ya pili iko mwendo wa saa mbili na nusu, barabara ikiwa safi. Mwezi wa Januari barabara huwa haisafiki. Upinzani, ambao Brodska haijawapa kura tangu babu yake Orest alipofika na jembe lake, ukaleta muswada: hospitali isiyo na jirani isifungwe mpaka wananchi wake wasikilizwe na kamati ya Bunge.

Muswada uliposomwa mara ya pili, kura zilifungana. Orest akasimama na kusema ndiyo.

Brodska walicheza. Wakapika perogi, vile vitumbua vya Kiukraine vya kuchemsha vyenye viazi ndani, kwenye ukumbi wa kanisa, wakamwagia krimu, wakapiga fidla. Dada yake Slavka, muuguzi wa hospitali hiyo hiyo, akampigia simu kelele zikiwa nyuma yake.

"Kaka, wanasema wodi ya wazazi wataipa jina lako."

"Waambie wasubiri."

"Unaona haya? Wewe uliyeuza ndama mgonjwa kwa padri?"

"Ndama alipona, Slavka."

"Padri hakupona. Haya, basi, njoo Jumapili ule."

Alikwenda, akala, akacheza. Hakuwaambia jambo moja ambalo Katibu wa Bunge, Bwana Beaudry, alikuwa amemkumbusha siku ile ile wakivuka korido. Spika kura zikifungana hufuata mila. Mara ya pili husema ndiyo, ili mjadala uendelee. Mara ya tatu, ambayo ni ya mwisho, mjadala umekwisha, hivyo husema hapana, sheria ibaki kama ilivyokuwa.

"Spika hatungi sheria ambayo Bunge lenyewe limeshindwa kuitunga," Beaudry alisema. "Lakini unalijua hilo, Mheshimiwa."

"Nalijua."

"Nilidhani hivyo. Watu wako wanalijua?"

Orest akajifanya anatafuta miwani.

Zikabaki siku chache kabla ya usomaji wa tatu. Orest akafanya kitu ambacho Spika hafanyi: alikwenda kumtafuta mbunge. Lorne Fehr alikuwa wa chama cha serikali, mkulima wa viazi, mtu mpana asiyejua kunong'ona. Mwanawe alishonwa mkono katika hospitali ya Brodska baada ya kunaswa na mashine ya kuvunia. Orest alimkuta chumba cha kahawa, ana donati mbili mbele yake.

"Siku ya kura," Orest alisema, "unaweza kuumwa?"

"Kuumwa nini?"

"Chochote. Tumbo."

Lorne akaziangalia donati. "Tumbo langu, bwana, tangu nizaliwe halijanisaliti. Hakuna atakayeamini."

"Basi mgongo."

"Mgongo sawa. Mkulima akisema mgongo hakuna wa kumbishia." Akatafuna kwanza. "Unajua Spika akikamatwa anaomba haya, anavuliwa joho siku hiyo hiyo."

"Ndiyo maana nakuomba ukiwa na mdomo umejaa."

"Kura zikiwa ishirini na nne kwa ishirini na tano, muswada unapita. Na wewe hupigi kabisa."

"Sipigi kabisa."

"Mjanja wewe," Lorne alisema, akampa donati ya pili.

Siku yenyewe ilifika na baridi ya kupasua midomo. Watu wa Brodska walikuja kwa basi wakajaa jukwaa la wageni, makoti mapajani, Slavka safu ya mbele. Mgeni haruhusiwi kupiga makofi wala kusema lolote. Walikuwa wameambiwa mlangoni, wakakaa kama wako kanisani. Orest hakuwaangalia. Kengele za kura zilianza kulia kuita wabunge, na kiti cha Lorne kilikuwa kitupu. Lorne alikuwa juu ofisini kwake, amelala chali sakafuni na chupa ya maji moto, maana alisema kama ni kuumwa, ataumwa sawasawa.

Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka adabu ilipoingia.

Mnadhimu wa serikali, msimamizi wa kura za chama chake, alihesabu watu wake, akahesabu tena, akavuka ukumbi hadi kwa mwenzake wa upinzani. Orest alisikia maneno mawili tu, "mgongo" na "Fehr". Bunge lile lina mila nyingine, ambayo haikuandikwa popote: mbunge wa upande mmoja akiwa mgonjwa, mmoja wa upande wa pili hutoka, ili ugonjwa usiamue kura. Mnadhimu wa upinzani alitikisa kichwa, kwa siku kama ile hapana. Lakini kwenye kiti cha pembeni, karibu kabisa na Spika, mbunge wa upinzani Thora Sigurdson aligeuka.

"Nani mgonjwa?"

"Kaa, Thora. Si kitu."

"Nimesikia Fehr."

"Thora, leo hapana. Leo tunashinda."

Bibi Sigurdson akaanza kukusanya mkoba wake. Alikuwa na miaka sabini na kitu, nywele nyeupe fupi, na hakuwa na haraka. "Mume wangu Einar alipokuwa anakufa, nami niko kando ya kitanda chake, Lorne Fehr alikaa nje wiki tatu. Hakuombwa na mtu. Wakati wa bajeti, nyie mkitaka kuiangusha serikali. Alikaa kwenye benchi la korido akisoma magazeti ya zamani."

"Hii ni hospitali ya watu, mama."

"Na ile ilikuwa bajeti ya watu. Alikaa nje."

Akasimama. Orest alikuwa na nafasi ya sentensi moja. Angesema: Mheshimiwa, kaa, yule mtu haumwi, mimi ndiye niliyemlaza. Thora angekaa, hakuwa mjinga, na deni lake lilikuwa kwa mgonjwa, si kwa anayejisingizia. Sentensi moja, na joho lingekwenda, lakini hospitali ingebaki. Mdomo ulifunguka kabisa.

"Utulivu," akasema.

Hakukuwa na kelele yoyote. Thora alidhani anaambiwa yeye, akainamisha kichwa kwa heshima mbele ya kiti, akatoka. Kengele zikanyamaza. Mpambe wa Bunge akafunga milango.

Ishirini na nne. Ishirini na nne.

Beaudry aliziandika namba, akazileta, akabaki amesimama karibu kuliko ilivyo kawaida. Orest akainuka. Hakukuwa na sheria ya kumkataza kusema ndiyo. Mila haina mikono, haiwezi kumshika mtu koo. Angeweza. Akiwa amesimama pale na kofia yake, akaelewa kwa nini alikwenda chumba cha kahawa kumwomba mtu mzima akaumwe: kwa sababu alijua tangu siku ya kwanza kwamba yeye mwenyewe hataweza.

"Kura zimefungana," alisema. Sauti ilikuwa ya mnadani, safi, inafika nyuma. "Bunge halikupata wingi wa kubadili sheria. Kwa mila ya kiti hiki, Spika anapiga kura ya hapana. Muswada umeanguka."

Jukwaani mzee mmoja alimuuliza jirani yake kwa Kiukraine kama ile "hapana" ndiyo ile "ndiyo" ya juzi. Slavka alisimama, amekumbatia koti lake.

"Kaka," alisema.

Kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anamwita chakulani. Lakini mgeni alikuwa amesema, na ukumbi wote uligeuka kumtazama Spika.

"Mpambe wa Bunge," Orest alisema, "ondoa wageni jukwaani."

Iliwachukua muda. Ni wazee wengi, na makoti ya kule yana vifungo vingi. Aliwangoja amesimama, maana kanuni inataka hivyo, mpaka mlango wa juu ulipofungwa. Kisha akaketi, akaita shughuli inayofuata, muswada wa kumtangaza samaki rasmi wa jimbo, ambao pande zote mbili zilikuwa zimeshakubaliana.

Milango ilipofunguliwa Thora Sigurdson alirudi. Akapita karibu na kiti akielekea mahali pake, akainama kwa Spika, na akamnong'oneza, jambo ambalo kwa haki haliruhusiwi.

"Nimepanda kumwangalia. Yuko sakafuni, maskini. Hata kucheka anashindwa." Akamtazama usoni, matokeo akiwa bado hajayasikia. "Watu wako wamefurahi?"

Mbunge wa Bonde la Kusini alikuwa ameshasimama kumzungumzia samaki. Orest akampa nafasi.