Saa Iliyong'oa Kichwa

Bi Nukta, fundi wa saa kuukuu, alikuwa na gego bovu lililomfanya atafunie upande mmoja kama ng'ombe mwenye maringo. Mumewe, mshonaji, alikuwa amechoka kumwambia, "Mdogo wangu ni daktari wa meno. Nenda basi."

Naye alikuwa akimjibu kwamba shemeji wa kutaniana naye hawezi kuwa shemeji wa kumchungulia koo. Ukweli ni kwamba aliogopa. Mwanamke aliyewahi kumkimbiza mwizi kwa bisibisi, akiona koleo la daktari hutafuta mlango.

Siku moja shemeji mwenyewe akaingia karakanani amekumbatia sanduku la mbao lenye mlango wa kioo. Ndani, chini ya uso wa saa, daktari mdogo wa bati alisimama mbele ya mgonjwa wa bati aliyeachama kitini. Ilikuwa saa ya zamani ya kuchekesha watu: ukitumbukiza sarafu, daktari anang'oa jino, mgonjwa anarusha miguu, kengele inalia. Shemeji aliipata mnadani, imekufa, akataka ifufuliwe aiweke kwenye chumba cha kungojea ili wagonjwa wachangamke.

"Wachangamke?" Bi Nukta alisema, mkono shavuni. "Hiyo ni sawa na kuchora jeneza kwenye mlango wa hospitali."

"Wewe tengeneza tu, shemeji. Mbona umeshika shavu?"

"Nafikiri."

"Tangu lini?"

Shemeji alipoondoka, Bi Nukta akaifungua saa. Mafuta yalikuwa yameganda kama gundi, panya walishazalia nyuma ya kengele, na gurudumu kubwa lilikuwa limevunjika jino. Akachonga jino jipya la shaba, akalilehemu, akalipiga tupa taratibu mpaka likakaa sawa na wenzake. Mumewe akamtazama kutoka mlangoni.

"Mganga hajigangi," akasema, akaondoka kabla hajarushiwa kitu. Ndivyo alivyodumu katika ndoa hiyo.

Ilibaki springi, maana ya zamani ilikuwa imechoka. Gego nalo lilikuwa linapiga ngoma hadi sikioni, kwa hiyo Bi Nukta akatia springi ya kwanza iliyomjia mkononi. Ilikuwa ya saa kubwa ya ukutani.

Alipoipeleka, chumba cha kungojea kilikuwa kimejaa. Akaitundika, akasafisha koo, na kwa majivuno yote ya fundi akatumbukiza sarafu. Daktari wa bati akainama, akakamata, akavuta. Hakutoka na jino. Alitoka na kichwa kizima, kikaruka kupitia mlango wa kioo ambao fundi alisahau kuufunga, kikatua mapajani mwa bwana mmoja mnene aliyekuwa akisoma gazeti. Kengele ikalia. Kule kitini, kiwiliwili kikaendelea kurusha miguu.

Yule bwana akakirudisha kichwa kwa adabu, kama mtu anayerudisha kijiko cha jirani. "Langu limepoa," akasema, akashika njia. Mama mmoja akakumbuka ameacha jiko linawaka. Waliobaki hawakujisumbua hata kutunga uongo.

Daktari alipotoka, alikuta viti vitupu na shemeji yake ameshika kichwa cha bati. Bi Nukta alitaka kuomba radhi, lakini alipoitazama tena ile miguu, kicheko kikamzidi nguvu. Akacheka kinywa wazi, machozi yakimtoka.

Daktari hakukasirika. Alisogea karibu, ameinamisha shingo.

"Shemeji, hebu cheka tena."

Akafumba mdomo, ila daktari alikuwa ameshaliona gego.

"Lina muda gani hilo?"

"Lipi?"

"Umenifukuzia wagonjwa wote. Haya, njoo ukae wewe."

Bi Nukta akautazama mlango, kisha akakaa. Akamwonya kwamba akimuumiza, mama mkwe ataambiwa kila kitu, na vingine vya kuongezea. Daktari akamchoma sindano ya ganzi, akangoja, kisha akamshika kidevu kwa upole ambao Bi Nukta hakuwahi kumdhania. Kukasikika mkwaruzo, kama skrubu yenye kutu inapokubali.

"Tayari."

"Ta'ari nini?" akauliza, ulimi mzito kama gunia.

Baadaye alibadilisha springi na kukikaza kichwa. Daktari naye akaihamishia saa kwenye mlango wa kutokea, waione waliokwishang'olewa tu. Hao huitumbukizia sarafu bila kuombwa, pamba mdomoni, wakamtazama mgonjwa wa bati akirusha miguu, na hakuna anayemwonea huruma.