Herufi ya Sita

Zimwi lilikuwa na meno thelathini na mawili, na fundi aliyajua yote, kwa maana aliyabuni mwenyewe. Hakuyachonga, aliyabuni kwa maneno, miaka mingi nyuma, kando ya kitanda cha mkewe mgonjwa. Mkewe aliuliza zimwi la hadithi lina meno mangapi, naye, mtu asiyekubali kushindwa na swali, akajibu kama aliyeyahesabu jana. Sasa yalikuwa mbele yake, ya mbao, yamepakwa rangi ya chai iliyokolea, yamepangwa kwenye mdomo wa karatasi na gundi uliozidi mlango kwa ukubwa. Juu yake kilining'inia kibao: Hadithi ya kale. Msimulizi hajulikani.

"Uliniambia chumba kitakuwa meli iliyozama," alikiambia kipaza sauti kilichokuwa darini.

"Nilibadili mawazo, Baba," sauti ya binti yake ikajibu kutoka chumba cha pili, alikokuwa akiwatazama kwenye skrini. "Ingieni, muda unakwenda."

Hicho kilikuwa chumba cha mafumbo. Watu hujifungia humo kwa hiari, hufumbua mafumbo, na wasipotoka ndani ya saa moja huhesabiwa wamemezwa. Wageni wa kwanza wangekuja kesho. Leo binti alitaka kuwajaribu watu wa nyumbani. Fundi, aliyestaafu kazi ya kufuli, ndiye aliyemtengenezea makufuli yote, ila maneno ya kuyafungua binti aliyapanga mwenyewe. Wa pili alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, mshonaji mwenye kipaji cha kuongea huku midomo imebana pini.

Kufuli la kwanza fundi alilifungua kwa kulitegea sikio tu.

"Huo ni wizi, shemeji," mshonaji akalalamika. "Fumbo sijalimaliza hata kulisoma."

"Soma polepole. Mimi natangulia."

Lakini kadiri walivyozama tumboni mwa zimwi, ndivyo utani ulivyomkauka. Ukutani ulichorwa mji ambao funguo zake zote zilimezwa usiku mmoja. Hapa bibi arusi akiingia tumboni kuzidai, kule akipanda mbavu kama ngazi. Kila mchoro ulimchoma. Fundi alikuwa mwongo wa kusifika. Kwa kinyozi alishaapa kwamba alifungua sanduku la mfalme kwa mwiba wa samaki, na wiki iliyofuata samaki akawa ameongezeka urefu. Hadithi hizo zilikuwa za kila mtu. Hii aliisimulia kwa miezi mitatu, kwa sikio moja, na alidhani imezikwa pamoja na sikio hilo.

Mlango wa mwisho ulikuwa na kufuli la herufi, lenye magurudumu saba. Juu yake iliandikwa: Panga neno alilolikosea bibi arusi.

"Ufunguo," mshonaji akasema, akazungusha. U, F, U, N, G, U, O. Kufuli likakataa. Akarudia. Likakataa. "Herufi ni saba sawasawa. Umelitengeneza vibaya, kubali tu."

Fundi akaweka kidole kwenye gurudumu la sita. Alijua kosa lilikuwa herufi ya sita. Msichana mmoja aliwahi kusimama mlangoni mwa karakana yake akaomba achongewe "ufungio". Fundi alicheka mpaka tupa aliyokuwa akisugulia chuma ikamdondoka. Wakaoana, na tangu hapo, walipokuwa wawili tu, Ufungio likawa jina lake. Hata mshonaji, mdogo wake, hakulijua. Kuanzia kesho wapita njia wangekuwa wakilitamka kwa kelele humu ndani, kisha wakipigwa picha.

"Nani alikupa hilo neno?" akakiuliza kipaza sauti.

Sauti ikajibu kutoka darini: "Mama."

Fundi akaketi juu ya sanduku. Binti kumwibia, kwa hilo angeweza kumgombeza. Lakini marehemu unamgombeza wapi?

"Lilikuwa letu," akasema.

"Alinisimulia asubuhi, ukishatoka kwenda kazini. Hadithi uliyomsimulia jioni, asubuhi yeye aliigeuza kwa njia yake. Baba, yeye alisema hakukosea."

"Alikosea. Nilikuwepo."

"Alisema alipita pale mara tatu na hukuinua macho kutoka kwenye tupa. Mara ya nne akaharibu neno makusudi."

Mshonaji akakohoa. "Dada yangu akosee neno? Shemeji, yule alikuwa akimsahihisha mwalimu."

Saa ya ukutani ikaishia hapo, na king'ora kikalia: wamemezwa. Fundi alibaki ameketi. Maisha yake yote alikuwa amewadanganya watu kwa raha, na mtu aliyelala ubavuni mwake alikuwa amemshinda kwa herufi moja, akanyamaza nayo mpaka mwisho. Hakujua akasirike au acheke.

Mlango ukafunguliwa kutoka nje. Binti akasimama kizingitini, mikono ameificha nyuma kama alipokuwa mdogo.

"Nilijua ukiulizwa utakataa," akasema.

"Ningekataa."

"Nilibadilishe hilo neno?"

"Sijakusamehe," fundi akasema. "Wala mama yako." Mshonaji alikuwa ameshachungulia nje, fundi akamwashiria apite. Kisha akasogea, akabakiza nafasi ya mtu mmoja juu ya sanduku.

"Njoo unisimulie ile ya asubuhi," akasema. "Anza mwanzo. Na usiniongezee kitu."