Suruali ya Mpira ya Ezra

Mimi sina ugomvi na wafu. Ugomvi wangu ni na wazima wanaowasemea wafu, na katika ukoo huu nilikoolewa wamejaa tele.

Shemeji yangu Ezra, mdogo wa mume wangu Machage, alikuwa akiwapeleka wageni kuvua kwenye mafunjo, kule chini Mto Mara unakotanuka kuelekea ziwani. Mzungu mmoja alikuja na fimbo yake ya kuvulia, akawa anamnasa samaki, anapiga naye picha, anamwachia. Jamani! Umemtoa samaki majini, umemshika tumbo, halafu unamrudisha akawasimulie wenzake? Alipoondoka alimwachia Ezra suruali yake ya mpira, ile inayopanda mpaka kifuani na kushikwa na mikanda mabegani, na buti zimeungana nayo hukohuko chini. Soli zake hazikuwa za mpira. Zilikuwa za kitu kama blanketi nene, ili mtu asiteleze kwenye mawe. Ezra aliipenda suruali ile kuliko mwanamke yeyote tuliyemtafutia.

Siku maji yalipomchukua, wavuvi wenzake waliikuta imesimama wima katikati ya mafunjo, imejaa hewa, mikanda imefungwa mabegani na mshipi umekazwa kiunoni. Ndani hamna mtu. Walimtafuta, wakaogopa mamba, wakarudi na suruali. Mpaka leo hakuna aliyenieleza Ezra alitokaje mle bila kufungua mshipi.

Kwa hiyo hatukuwa na mwili wa kuzika. Na kwa ukoo wa Machage, mtu aliyechukuliwa na maji hurudishwa nyumbani kwa nguo yake. Nguo hiyo haifuliwi wala haianikwi. Inalowekwa kwenye maji ya mto uleule, zamani kwenye mtungi, siku hizi kwenye pipa la plastiki. Ndugu yake anaivaa na kuingia nayo katika kila maji ambayo marehemu aliwahi kunywa, moja baada ya jingine, na mwisho kabisa maji ya kwao. Hapo roho inatulia. Mama mkwe wangu, Teresia, hakosi misa, na hakuona tatizo lolote.

Machage alianza na kijito cha nyuma ya shule. Kisha akaingia kwenye lambo la jirani yetu Wangwe, akasimama mpaka kifuani akimwita mdogo wake kwa Kikurya, sauti imemkauka. Siku chache baadaye kulionekana majani juu ya maji, mawiliwili, madogo, yana vinyweleo vyeupe. Ukiyamwagia maji hayalowi. Mama mkwe macho yake yameingia ukungu, anaona mwanga na rangi tu, basi akaomba ashikishwe. Akayapapasa kwa kidole, akaanza kulia.

"Hizi ni nywele za Ezra," alisema. "Kabla sijamnyoa mara ya kwanza. Amefika!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikapiga pia, ningefanyaje?

Weee, kabla mahindi hayajatoa mbelewele, lambo zima la Wangwe lilikuwa limefunikwa. Ungelipita usingejua kuna maji, ungedhani ni uwanja wa nyasi. Vyura walinyamaza. Samaki walielea pembeni matumbo juu, na harufu ikaanza kupanda. Ng'ombe walifika ukingoni, wakanusa, wakarudi kinyumenyume macho yamewatoka. Kijito cha shule nacho kikawa hivyohivyo. Na hakuna aliyethubutu kung'oa. Wangwe, mwanamume mwenye sauti ya kuamsha kijiji, alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Mama Robhi, nani anyofoe nywele za maiti?" Akaanza kupeleka mifugo yake mbali, bila kulalamika, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

Akaja Agness, dada wa idara ya uvuvi kutoka wilayani. Akamwamkia mama mkwe shikamoo, akaketi, akala alichopewa, ndipo akasema. Hilo ni gugu. Limejaa kule mafunjoni alikokuwa akivua Ezra. Kipande kidogo kama ukucha kinanasa kwenye ile soli ya blanketi, na madhali suruali haikauki, hakifi. "Ichemsheni," alisema, "kisha ianikeni juani mpaka ikauke kabisa."

Machage alimtazama kwa huzuni. "Dada yangu, unataka nimchemshe ndugu yangu?"

Agness akaaga, akaondoka. Hata mimi ningeondoka.

Yalikuwa yamebaki maji ya nyumbani. Lambo letu tulilichimba kwa jembe, Machage na Ezra na mimi nikiwa na mimba ya Robhi, na udongo tukautoa kwa karai. Ng'ombe wanakunywa pale, watoto wanaoga pale, mboga zangu zinaishi kwa maji yale. Likifa lile, sisi tunahama, hakuna hadithi nyingine. Nilimwambia Machage. Akasema nimwache amalize kumleta mdogo wake nyumbani. Nikamwambia mdogo wake ana hasira gani na ng'ombe? Akatoka nje.

Basi siku ya mnada, wanaume wakiwa wamekwenda Tarime na ng'ombe na mama mkwe amesinzia, nikawasha moto chini ya pipa la kupikia pombe. Nikaiburuta suruali. Ilikuwa nzito kuliko nilivyotegemea, nzito kama mtu mlevi anayekataa kwenda nyumbani. Maji yalipochemka nikaingiza mguu mmoja, nikaukandamiza kwa mti. Ikatoka pumzi kutoka ndani, ndefu, ya taratibu, kama ya mtu aliyekaa chini baada ya kazi. Nikajiambia ni hewa, Mokami, ni hewa tu, nikaingiza na mguu wa pili. Nikaianika juu ya banda la mbuzi kwenye jua kali, nikazisugua soli kwa majivu. Zilitoka nyuzi za kijani. Lile pipa la plastiki la kulowekea nalo nikalimwaga mbali, porini kwenye mawe, nikalijaza maji safi ya mvua na kuirudisha mlemle.

Jumapili yake Machage aliivaa akaingia kwenye lambo letu, watu wote wamesimama ukingoni. Alipotoka, mama mkwe alinyoosha mkono akamgusa paja, akagusa goti.

"Machage," alisema, "mbona leo umekuja peke yako?"

Nilitazama chini.

Lambo letu likabaki jeupe. Kila asubuhi nalichungulia, naona anga na pua za ng'ombe, basi nafurahi mpaka naimba. Lakini mama mkwe alihamia ukingoni. Anaketi juu ya kigoda tangu umande haujakauka, ananiuliza kila nikipita, "Hujaona kitu?" Nasema hapana, mama. "Angalia vizuri, mwanangu." Naangalia. Hapana. Akaacha kula. Uji anauonja na kuusukuma. Siku moja nikamsikia akiyauliza maji, kwa sauti ya upole kabisa, nyumba hii ilimkosea nini Ezra hata akafika kwa Wangwe na kwake akakataa kuingia.

Iliniuma. Mimi ni mkali, kila mtu anajua, lakini yule mama ndiye aliyenifundisha kulea, na sasa mifupa ya mabega yake inahesabika juu ya nguo. Mto ulimnyima mwanawe mara ya kwanza, mimi nikamnyima mara ya pili.

Basi nikaenda kwa Wangwe na karai. Nikachota jani moja, moja tu, nikalifunika kwa kanga kama mwizi. Nikamwekea mama mkwe chumbani kwake, karai la maji chini ya dirisha, nikamwambia, "Mama, amefika. Lakini anataka kukaa na wewe humu ndani. Usimtoe." Alilipapasa lile jani. Akacheka cheko la msichana. Mchana ule alikula ugali akaomba na mchuzi, na Machage alinishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Jani likazaa mengine, na yale yaliyozidi nilikuwa nayatoa mwenyewe na kuyatupa motoni. Nilijiona mjanja. Mama anaongea na karai lake, lambo ni jeupe, kila mtu amepata chake.

Leo asubuhi nilikuwa shambani napalilia. Nikarudi, nikakuta mlango wa mama mkwe uko wazi na chini ya dirisha hakuna kitu, ila alama ya duara kwenye vumbi. Nilikimbia jembe mkononi.

Alikuwa amesimama ukingoni, karai limeinama, tupu.

"Mama!"

"Mwanamume mzima, mama Robhi, umuweke kwenye karai?" alisema, uso unang'aa. "Nimempeleka kwenye maji yake."

Nikaingia na nguo zangu. Jani lile lilikuwa linaelea taratibu katikati, na mimi nikalifuata mpaka maji yakanifika kifuani. Nikalishika. Likakatika mkononi. Nikashika kipande, kikawa viwili, nacho kimoja kikateleza kati ya vidole kikaenda zake. Kila nilivyopiga hatua mawimbi yangu yalivisukuma mbali, na kila nilichokigusa kilivunjika, mpaka vipande vikanizunguka pande zote, nikabaki nimesimama nalia, naogopa hata kuinua mkono.

Mama mkwe alisogeza macho yake ya ukungu juu ya maji, akifuata ile kijani inavyotawanyika.

"Taratibu, mwanangu," alisema. "Mmoja alikuwa ananitosha."