Utulivu wa Kasuku

Wewe uliyekaa kwenye benchi la ile korido ya hospitali ulimwona. Ulimwona mwanamke mwenye kovu juu ya sikio, ameketi kama furushi lililosahauliwa, ukajitia hamnazo, ukarudisha macho kwenye simu. Leo utasikiliza.

Waliomjua walimwita Kasuku kwa sababu hakunyamaza. Kwenye saluni ndogo aliyoiendesha na dada yake, wateja walifuata mdomo wake kuliko mikono yake. "Shoga, nywele hizi ulizisuka au ziligombana zenyewe?" Kisha kifafa kikaanza kumwangusha, mara kwenye sinki, mara barabarani, na dada yake akaishi roho mkononi.

Hospitali wakamwekea kifaa kichwani. Mhandisi, kijana mpole, aliwaeleza: ameuchora ubongo wa Kasuku kama mji, na vituo vyake na njia zake. Umeme kidogo ukipigwa kwenye makutano yanayostahili, msongamano wa mji mzima hufunguka, kama askari wa barabarani mmoja aliyesimama panapotakiwa. Hesabu ndizo zinazochagua makutano. Kila mara ubongo unapoanza kwenda mrama, kifaa huusukuma urudi kwenye hali ya utulivu waliyoirekodi mapema.

Kifafa kikakoma. Kicheko nacho kikakoma. Dada alikuwa akimwona: mteja anatania, mdomo wa Kasuku unaanza kufunguka, macho yanawaka, halafu yanazimika, kama mtu aliyevutwa shati kwa nyuma.

Siku ya kliniki dada alishindwa kuvumilia. "Huo utulivu mliutoa wapi?"

"Kwake mwenyewe," mhandisi alijibu kwa fahari. "Tulimrekodi mara kadhaa kabla ya upasuaji. Nyingine zote zilijaa vurugu, anaongea, anawatania manesi. Moja tu ilitoka safi. Alilala macho juu, hakusema hata neno."

"Kasuku? Hakusema neno?"

"Hata moja. Rekodi nzuri kuliko zote."

Siku ile dada aliikumbuka vizuri mno.

"Mdogo wangu," alimwambia mhandisi taratibu, "siku hiyo tulitoka kumzika mama. Tulikuja na udongo kwenye viatu, kwa sababu mlisema tukikosa miadi, nafasi anapewa mwingine."

Basi kila mara Kasuku alipotaka kucheka, mashine ilikuwa ikimrudisha kaburini kwa mama.

Daktari bingwa aliitwa, akaingia, hakukaa. "Dada, kifafa kimekoma, mnataka nini tena? Kumrekodi upya ni kuzima kifaa. Anaweza kuanguka. Haya, tumuulize mwenyewe. Unataka tubadilishe?"

Kasuku alitazama ukuta. "Sawa tu."

"Sawa tubadilishe, au sawa tuache?"

"Sawa tu."

"Basi tuache," akasema daktari, keshashika kitasa.

"Umemuuliza nani?" dada alifoka. "Umemuuliza yeye, au umeiuliza mashine yako?"

Daktari akavuka korido, akaingia ofisini kwake, akafunga mlango.

Wapo wanaodhani haya ni mapya. Wenye kifafa walishafungwa kamba vitandani, ikaitwa utulivu. Wakaja kumezeshwa vidonge vya kuwalaza mchana kutwa, nayo ikaitwa utulivu. Hatujasahau. Kila zama ina jina zuri la kumnyamazisha mgonjwa, na kila mara anayeulizwa kama mgonjwa ametulia ni yule aliyekuwa akisumbuliwa na kelele zake.

Dada aliketi sakafuni, mgongo kwenye mlango ule wa daktari, akamlaza mdogo wake mapajani. "Hatuondoki. Watazima, utanicheka ninavyosuka vibaya, watarekodi. Ukianguka, mikono yangu hii hapa."

Mhandisi alitoka, akasita, akaketi kando yao na koti lake jeupe. "Nitarekodi mimi," alisema. "Lakini ruhusa ni ya daktari. Mimi peke yangu hanisikii."

Mdomo wa Kasuku ulitetemeka pembeni. Kitu kilitaka kutoka. Kikazimika.

Sasa wewe wa kwenye benchi. Umesikia anachokosa yule kijana: sauti nyingine. Tia simu mfukoni. Mlango uko hatua chache mbele yako, na Kasuku bado yuko pale chini. Inuka, gonga, useme nawe unataka azimiwe kifaa na arekodiwe upya, na usiketi tena mpaka daktari afungue. Inuka sasa hivi.