Diski ya D

Walimfuta Verna mara moja. Hawatamfuta tena.

Verna, mke wangu, alikuwa akichora mapambo ya mablanketi ya viraka kwenye kompyuta ya ukumbi wa kanisa letu, hapa Nebraska. Mashine kubwa ya kushonea huisoma michoro hiyo, ikashona yenyewe. Wakubwa wa kaunti, ambao kompyuta ni yao, wakaja kuweka programu mpya. Michoro ilikuwa imehifadhiwa humohumo kwenye folda ya programu. Walipoifuta ya zamani, michoro ikaenda nayo. Verna alikuwa hospitalini. Hakuna aliyeomba radhi, na mazikoni hatukuwaona.

Iliyobaki ni ile michache aliyompa Ardith, mwenzake wa kushona, kwenye flashi.

Juzi wakamleta Brent, fundi wao, na programu nyingine. Anabonyeza "Endelea, Endelea" bila kusoma, kama anafukuza nzi. Nikaushika mkono wake.

"Rudi pale palipouliza vitu vikae wapi."

"Mzee Orval, viache kwenye diski ya C. Kaunti ndivyo inavyotaka."

"Weka D. Vyote!"

Akacheka. "Programu yenyewe iache C, mzee, ndipo tunapoitafuta. Data ndiyo inaweza kuhama."

"Programu yako ipeleke hata chooni. Mimi nasemea kazi ya mke wangu."

"Mwambie, Orval!" Ardith akapaza sauti kutoka penye birika la kahawa. "Na kahawa hapati!"

"Jamani, sikilizeni. Vya D sisi hatuvishughulikii. Hatuvigusi kabisa."

"Ndicho ninachotaka, bwana. Msiviguse."

"Vikiharibika msinipigie simu."

"Tulipopiga mara ile, alipokea nani?"

Brent akarudi nyuma mpaka pale, akasukuma kiti. "Andika jina la folda mwenyewe. Mimi simo."

Shule niliiacha mapema, naandika kwa kidole kimoja. VERNA. Kompyuta ikauliza: folda hii haipo, iundwe? Nikabonyeza Ndiyo hadi meza ikatikisika.

Ardith akachomeka flashi. Majina ya michoro yakaanza kushuka kwenye kioo, na yeye akiyasoma kwa sauti, akicheka, akifuta macho kwa aproni.

Brent alikuwa anavaa koti. "Itabidi nikuripoti, mzee."

"Ripoti. Ila usikosee jina. Lindqvist, kwa Q."