Rehani za Mjomba

Watu wote walimwita Mjomba, na wala hakuwa mjomba wa mtu. Kama alikuwa na dada wa tumbo moja, huyo dada angemkana mchana kweupe. Yeye ndiye aliyeipatia kampuni ya taka watu wa kuchambua. Kampuni ilitaka mikono, Mjomba alikuwa na mikono ya watu wengine, wakapatana.

Aliwatoa watu makwao kwa maneno matamu. Walipofika akachukua vitambulisho vyao, msije mkavipoteza, na simu zao, zisije zikaibwa, akawaweka kwenye nyumba yenye komeo kwa nje. Halafu alikuwa na utaratibu wake mmoja, wa kishetani kabisa: ndugu hawafanyi zamu moja. Mume akiwa zamu ya mchana, mke anawekwa zamu ya usiku. Aliyeko kazini anajua mwenzake yuko nyumbani mikononi mwa Mjomba, kwa hiyo hatoroki na wala hafungui mdomo. Pingu za nini tena?

Mwanamke mmoja, Sumaku, alikuwa zamu ya mchana. Wenzake kwenye mkanda wa kuchambulia walimpa jina hilo kwa sababu vipande vya bati vilikuwa kama vinaurukia mkono wake. Mdogo wake wa kike, kitinda mimba wa kwao, ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni akiwa mtoto, alikuwa zamu ya usiku. Tangu waletwe walikuwa hawajazungumza. Walilalia godoro moja kwa kupokezana. Sumaku akirudi jioni alilikuta lina shimo dogo la ubavu wa mdogo wake, akajilaza humo humo. Kuonana kwao kulikuwa ni pale magari mawili ya Mjomba yanapopishana langoni, moja likiingia na jingine likitoka. Vioo vilikuwa vimepakwa rangi, na kila mmoja alichungulia pale rangi ilipobanduka.

Asubuhi ya siku hiyo Mjomba alisimama mlangoni mwa gari akichokonoa meno.

"Mdogo wako nimemtafutia kazi nzuri kuliko hii," alimwambia Sumaku. "Kesho anasafiri. Rafiki yangu mmoja ana yadi ya vyuma chakavu, mbali kidogo."

"Mbali wapi, Mjomba?"

"Mbali. Au siku hizi humwamini mjomba wako?"

Watu garini wakacheka kidogo, kicheko cha kumfurahisha mwenye gari. Sumaku naye akacheka. Alikuwa ameshaona wengine wakipelekwa kwa hao marafiki wa Mjomba, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusikika tena.

Bahati, kama unaweza kuiita bahati, ni kwamba siku hiyo alikuja mkaguzi kutoka makao makuu ya kampuni. Wakubwa walikuwa wameanza kuogopa kuumbuka kwamba taka zao zinachambuliwa na watumwa, wakatunga kanuni, wakabandika ukutani karatasi kubwa ya rangi: UKILAZIMISHWA KAZI, PIGA SIMU, NI BURE. Simu zenyewe zilikuwa kabatini kwa Mjomba.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, miwani puani, buti jipya lililombana, ungejua kwa kumtazama tu anavyotembea. Alipewa stoo ya helmeti kuwa ofisi yake, na wachambuzi wakaitwa mmoja mmoja. Nje ya mlango alijiketisha msimamizi wa Mjomba, ambaye wote walimwita Macho, na jina lilimkaa. Macho hakusikia yanayosemwa ndani. Hakuhitaji kusikia. Aliangalia tu nani anakaa sana. Mtu wa kusema "hatuna neno, mama" hahitaji muda. Mtu akichelewa, ana jambo.

Sumaku alilielewa hilo tangu wa kwanza alipoingia na kutoka. Wenzake walikuwa wanaingia na kutoka upesi, kama wanaoonja chumvi. Zamu yake ilipofika, akaingia.

Mkaguzi alimkaribisha kiti. Akaanza taratibu, kwa sauti ya upole, kumweleza kwamba mazungumzo ni ya siri, kwamba ana haki ya kukataa swali lolote, kwamba kampuni inajali...

"Mama, usiendelee," Sumaku alinong'ona. "Huko nje yule msimamizi ananihesabia muda. Nina mdogo wangu. Yuko kwenye nyumba ya Mjomba, wanatufungia kwa nje. Kesho wanamhamisha. Akihamishwa ndiyo basi."

Yule mama akavua miwani. Ilionekana kwamba kutwa nzima alikuwa amesikia "hatuna neno", na sasa neno lilikuwa limekuja, nalo lilimkuta hajajiandaa.

"Nitaandika ripoti leo leo," alisema. "Inakwenda kwa meneja, meneja anamwandikia wakala wenu atoe maelezo. Ndiyo kanuni, kwanza..."

"Mkimwandikia tu, mdogo wangu mmempoteza. Na mimi pia."

Sumaku alisikia kiti cha Macho kikilia nje. Akajikaza, akasema lile alilokuwa amelifikiria tangu asubuhi.

"Jioni zamu zikipishana, gari lao linaingia na letu linatoka. Hapo tu ndipo sote wawili tunakuwa kwenye uwanja wenu. Fungeni lango. Lango ni la kampuni, si la Mjomba. Fungeni, basi."

"Mimi sina amri juu ya lango," mkaguzi alisema, naye sasa alikuwa ananong'ona.

Mlango uligongwa. "Vipi, mbona huyu kaganda huko?" Macho aliuliza, na kitasa kikaanza kuzunguka.

Sumaku alijua kwamba Macho akifungua tu na kuziona sura zao, yamekwisha. Ndipo yule mama mpole alipopandisha sauti kama mwenye duka aliyemshika mwizi.

"Na glavu hizi? Zimetoboka, na wewe unaingiza mkono kwenye vigae vya chupa! Mnataka mkatwe vidole halafu mseme kampuni? Toka hapa, nenda kabadilishe!"

Macho alikuwa ameshachungulia. Akatabasamu. Kufokewa alikujua vizuri, hakukuwa na cha kutilia shaka. "Nenda, mwana," alimwambia Sumaku. "Umemuudhi mama wa watu."

Sumaku akatoka. Hakuwa ameahidiwa chochote. Hakuwa na hakika hata kama yule mama alikuwa amemfichia siri au kweli alikuwa amekasirika.

Alirudi kwenye mkanda, na mikono ikamsaliti. Makopo yalipita mbele yake hayaokoti. Kila alipoinua macho alimwona Macho, na kila alipomwona Macho aliona kwamba anajua. Akamwona mkaguzi akivuka uwanja kuelekea kwa meneja, akichechemea na lile buti lake, na roho ikazidi kumpaa. Yaani ndiyo anakwenda kumwambia. Meneja anashika simu, anampigia Mjomba, kwa heshima zote, ndugu yangu kuna malalamiko huku. Sumaku alitamani asingesema. Alitamani amkimbilie yule mama, amwambie nilikuwa natania.

Jioni king'ora cha zamu kikalia. Wakavua glavu, wakapanda gari. Macho akaketi mlangoni kama kawaida yake, goti limezuia njia. Sumaku aliweka jicho pale rangi ilipobanduka. Lango lilikuwa wazi. Gari la zamu ya usiku likaingia, likampita karibu kabisa, na kwa nukta moja tu aliona kipande cha kitambaa cha mdogo wake. Gari lao likaanza kwenda. Lango bado lilikuwa wazi. Akafumba macho, maana hakuwa na haja ya kuona tena.

Gari likafunga breki ghafla, watu wakagongana vichwa.

Mlinzi mzee wa lango alikuwa anasukuma mabawa ya lango yakutane. Dereva alipiga honi. Mzee hakugeuka. Alipitisha mnyororo, akapiga kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akaenda zake kukaa.

"Rudi nyuma," Macho alimwambia dereva. "Rudi nyuma ya marobota, tusionekane. Nampigia Mjomba." Gari likarudi hadi nyuma ya marobota ya plastiki yaliyopangwa kama nyumba, na huko wakawa hawaoni chochote. Walisikia tu. Walimsikia mkaguzi akiwatangazia waliokuwa wanashuka upande wa pili, sauti ikimtetemeka: "Meneja amekubali. Hakuna gari linalotoka. Hakuna anayerudi kwenye ile nyumba leo. Maofisa wa kazi wako njiani."

Sumaku alisubiri kusikia watu wakishangilia. Alichosikia ni mtu anayekimbia, halafu mnyororo wa lango ukitikiswa.

"Fungua, baba, nakuomba," sauti ilikuwa inasema, na Sumaku aliijua sauti hiyo kabla haijamaliza neno. "Dada yangu ameshatoka na gari. Yuko mikononi mwao. Wakisikia tumegoma watamuua dada. Mimi nimekubali kusafiri, muulize Mjomba. Nilimwambia nitakwenda popote, mradi dada asiguswe. Fungua nirudi."

Miezi yote hiyo Sumaku alijiona yeye ndiye anayemlinda mtoto kwa kunyamaza, kumbe na mtoto alikuwa amekwisha kujiuza kwa ajili yake. Uchungu ulimpanda hadi akasahau kuogopa, lakini kwa kitambo tu, maana Macho alikuwa ameshageuka kumtazama.

"Kaa," Macho alisema, simu sikioni. "Ukitia mguu nje namwambia Mjomba, ndiye huyu anapokea simu."

Sumaku alikuwa anaogopa. Aliogopa kuliko siku zote za maisha yake, na huku akiogopa hivyo hivyo aliinua buti la kampuni, lenye chuma puani, akamkanyaga Macho mguu wa kandambili kwa nguvu zote. Macho alijikunja. Sumaku akampita juu, akaanguka nje kwa magoti, akainuka.

"Niko hapa," aliita. Sauti ilitoka ndogo mno. Akakimbia kuyazunguka marobota. "Mdogo wangu, niko hapa, niangalie."

Mdogo wake aliachia mnyororo. Hakumkimbilia. Alimtazama kwanza kuanzia miguuni, kama anayehakikisha kwamba mtu kaletwa mzima, kisha akamjia na kumzaba kofi dada yake mkubwa, jambo ambalo kwao halijawahi kufanyika, kisha akamkumbatia mpaka wakakaa chini wote wawili palepale kwenye tope.

Baadaye mkaguzi aliwapeleka kwenye ofisi ya meneja wasubiri maofisa. Aliwapa viti na maji ya kunywa, akasema hapa ni salama, akatoka na kuurudishia mlango.

Mdogo mtu akainuka papo hapo, akajaribu kitasa. Mlango ukafunguka. Akaufunga, akarudi kukaa. Hakukaa sana, akainuka tena, akajaribu tena. Ukafunguka. Mara ya tatu alipokuwa anainuka, Sumaku alimshika mkono, akatangulia yeye mwenyewe, akauacha mlango wazi kabisa na kuuwekea kiti usijifunge. Harufu ya taka na nzi wake vikaingia ofisini kwa meneja. Wakakaa pamoja kwenye kiti kilichobaki, wakiuangalia mlango.